Mwali na Penseli ya Mwalimu Mkuu

Kila Jumatatu asubuhi tulipangwa mstari mbele ya shule, na mwalimu mkuu alipita na penseli. Hakuandika nayo. Ilikuwa penseli nyekundu, urefu wake kama kidole cha shahada, na kazi yake ilikuwa moja tu: kulazwa juu ya utosi wa mwanafunzi. Ikionekana yote, umepona. Nywele zikiificha, unatoka mstarini, unarudi kwenu, na huonekani tena shuleni mpaka umenyoa. Nimeshazeeka sasa, nimesahau majina ya mito yote tuliyokaririshwa, lakini ubaridi wa penseli ile kichwani sijausahau, wala hasira yake sijaimaliza.

Shule ilikuwa Kisarawe, nyumba ndefu ya udongo iliyopakwa chokaa, na paa la bati ambalo mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Wasichana tulikuwa saba shule nzima. Darasa la nne nilikuwa peke yangu, nimekaa dawati la mbele kama mtu aliyeshitakiwa. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa mzee mpole ambaye hakujali vichwa vya watu ilimradi hesabu zitoke. Tulikwenda tumesukwa, tumefunga ushungi, mikono ina hina ya Idi, na hakuna aliyetuuliza. Mzee yule akahamishwa. Tuliporudi kutoka likizo tukamkuta mpya, kijana, soksi ndefu hadi magotini, na karatasi ya kanuni imebandikwa mlangoni mwa ofisi.

Tulizikariri kanuni zile kama tulivyokariri juzuu chuoni. Gauni la buluu la wasichana lazima lipite goti kwa upana wa kiganja. Kiganja cha nani, karatasi haikusema, kwa hiyo kilitumika cha mwalimu mkuu, nacho kilikuwa kikubwa. Fundi wa cherehani aliyekaa barazani kwa Mhindi alifumua mapindo ya magauni yote saba katika wiki moja, akicheka peke yake. Viatu vilikatazwa, ati wenye navyo wasiwaringie wasio navyo. Wenye navyo walikuwa wawili, na kila siku walivivua mlangoni wakaviingiza kwenye mifuko. Shanga, hina, wanja, hirizi, vyote marufuku. Hirizi zilikuwa kichekesho. Mwalimu mkuu alikuwa na kopo la biskuti la kuzihifadhia zile alizowavua wavulana viunoni, lakini hakuzigusa kwa mkono hata siku moja. Alizinyanyua kwa ncha ya rula, kope zikimcheza, akazidondosha koponi. Mtu anayeogopa hirizi namna ile ametoka nyumba yenye hirizi, na sisi tulilijua hilo.

Hata kuitika tulifundishwa upya. Kwetu msichana akiitwa anaitika "Abee", taratibu, macho chini. Shuleni ikawa mwiko. Jina likisomwa unasimama wima, unamtazama mwalimu usoni, unasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Nipo, mwalimu!" Mimi nilishindwa wiki nzima. Kila nikiitwa, "abee" ilitoka yenyewe, na kila ilipotoka nilifagia uwanja.

Haya yote ningeyavumilia. Kufagia hakuui. Lakini kanuni ya nywele ilinikuta katika hali ambayo sikuweza kuitii, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunihurumia ndiye aliyeshika penseli.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno ya pili. Bibi, mama yake mama, akafunga mkeka wake na sufuria zake akatoka Dutumi, huko mbele ya Mlandizi, akaja Kisarawe kunilea nyumbani kwa mkwewe. Si jambo dogo hilo kwa mama mkwe. Baba alimheshimu mpaka mwisho. Hakuingia chumbani kwa bibi hata siku moja. Akiwa na neno alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, akalisemea ukutani, na bibi akamjibu kutoka ndani. Nilikua nikidhani watu wazima wote huzungumza kupitia ukuta.

Baba alikuwa na kibanda cha chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Hakujua kusoma. Barua zikija alizipeleka kwa watu wamsomee, na wasomaji nao wakazitangaza habari zake mji mzima, kwa hiyo alikata shauri kwamba msomaji wa nyumba ile nitakuwa mimi. Mwisho wa mwaka ule ulikuwa na mtihani wa darasa la nne. Akiufaulu msichana, alipelekwa shule ya bweni kuendelea. Asipoufanya, basi, mwisho wake umefika hapo. Baba aliniambia wazi, bila kunitisha: "Ukifaulu nakupeleka, hata kama itabidi niuze kibanda. Ukishindwa, kuna watu wameshapita hapa kukuulizia, na mimi sitakuwa na sababu ya kuwakatalia." Nilimjua mmoja wa waliopita. Alikuwa na wake wawili na kikohozi.

Sasa, Ijumaa ya wiki ile ile ya kwanza ya mwalimu mpya, nikavunja ungo.

Bibi alifurahi kuliko siku zote nilizomjua. Aliniogesha, akanivika kaniki mpya, akafungua sanduku lake akatoa mwanahiti, kile kisanamu cha mti ambacho mwali wa Kizaramo hupewa akilee kama mtoto. Kilikuwa cheusi kwa kupakwa mafuta miaka na miaka. Mama yangu alikilea, na bibi kabla yake. "Mama yako alikaa ndani miaka miwili," akaniambia. "Alipotoka, Dutumi nzima haikulala njaa. Na wewe nitakutoa vivyo hivyo, mke mwenzangu, nimtimizie marehemu." Nilikuwa mke mwenzake kwa utani wa bibi na mjukuu, lakini siku ile sauti haikuwa ya utani.

Miaka miwili ndani! Na mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili na siku chache. Nililia mpaka macho yakavimba, na bibi akadhani nalia kwa haya, akanisifu.

Baba alisimama nje ya ule mlango jioni tatu mfululizo. Namsikia mpaka leo.

"Mama, mtoto ana mtihani."

"Na mimi nina mwali, baba."

"Mtihani haungoji, mama."

"Ungo nao umengoja?"

Jioni ya tatu wakapatana. Bibi alikuwa na moyo mpana kuliko watu wanavyowadhania wazee wa shamba. Alisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nitakuwa mwali wa nusu. Nikitoka shule nitaingia ndani, sitoki uani, sisemi na mgeni, sili na watu. Nikienda shule nitapita njia ya nyuma ya mihogo, nimejitanda khanga mbili, bila kusalimiana na mtu. Akakubali nikae na wavulana darasani. Akakubali hata nimwitikie mwalimu kwa ukelele. Kitu kimoja tu alikikatalia: nywele. Mwali hanyolewi. Nywele zilizomkuta anavunja ungo ndizo zitakazotoka naye siku ya ngoma, zimepakwa mafuta, watu wazione. Ukizinyoa, kwa ukoo wetu, huna mwali tena, una msichana tu, na msichana hachezwi ngoma.

Alisamehe kila kitu, akashika nywele. Shule nayo ingeweza kusamehe kila kitu, ikashika nywele. Mpaka leo nikilifikiria hilo natamani kupiga kitu teke.

Jumatatu ya kwanza ya penseli, wenzangu sita walikuwa wamenyolewa na mama zao tangu Jumapili. Penseli ikafika kwangu. Ikalazwa, ikazama, nikaambiwa rudi. Jumanne nikaambiwa rudi. Bibi akasema hayo si makubwa, akanikalisha kati ya magoti yake akanisuka misuko myembamba iliyolala kabisa kichwani, akaivuta mpaka nyusi zangu zikapanda. Jumatano mwalimu mkuu akalaza penseli, nayo ikatulia kwenye mfereji kati ya misuko miwili, ikaonekana yote, tangu ncha mpaka kitako. Wavulana wakaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilikaribia kutabasamu. Mwalimu mkuu aliitazama penseli yake, akanitazama mimi, akaingia ofisini. Alipotoka, karatasi ya mlangoni ilikuwa na mstari mpya, wino bado mbichi: kusuka ni kuficha urefu wa nywele, ni marufuku. Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira za kumtosha mtu mzima. Kanuni inayozaliwa asubuhi kwa ajili ya kichwa kimoja, hiyo ni kanuni gani?

Wiki ikaisha hivyo, na ya pili ikapita. Baba alileta hesabu nyumbani, alizonakiliwa na mvulana jirani, nami nikazifanya ndani, mwanahiti akiwa mapajani, mafuta yakichafua daftari. Asubuhi ninapaka kichwa cha kisanamu mafuta, mchana nagawanya sehemu kwa sehemu. Sikuwa mwali mzuri wala mwanafunzi mzuri.

Ndipo baba akamkamata jogoo wake mwekundu, akanichukua, tukaenda kwa mwalimu mkuu. Nilibaki mlangoni nimejitanda khanga. Ofisini palikuwa na picha ya Malkia ukutani, taji kichwani, na chini ya taji nywele, tena za mawimbi, zimetengenezwa vizuri kabisa. Nilizitazama muda wote wa mazungumzo.

"Mwalimu, huyu ni mwali," baba alisema. "Mambo yetu unayajua. Haifiki hata miezi miwili, halafu akishafanya mtihani mnyoe hata nyusi."

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Mlandizi. Hakuwa mgeni kwetu, na hilo ndilo liliniuma. Alisema kwa upole: "Mzee wangu, nayajua. Dada zangu wote wamechezwa, na wa mwisho alichezwa mwaka juzi. Lakini mkaguzi akija akakuta kichwa kimoja kina nywele, hatamuuliza bibi wa mtoto. Ataniuliza mimi. Na mimi bado niko katika majaribio."

"Kichwa kimoja, mwalimu."

"Ndicho atakachokiona."

Akaongeza kwamba orodha ya watahiniwa inapelekwa bomani Ijumaa mchana. Ijumaa asubuhi nikiwa mstarini na kichwa safi, jina litakuwemo. Nisipokuwemo atalifuta, na litakuwa limefutika. Alisema anasikitika, na naamini alisikitika. Jogoo alimpokea vilevile.

Alhamisi jioni baba alisimama tena nje ya mlango wa bibi, na safari hii hawakupatana. Baba alisema atakayemnyima mtoto kusoma atajibu mbele ya Mungu. Bibi alisema atakayemwacha mtoto wa marehemu bila kumcheza naye atajibu huko huko, na kwamba mkataa kwao mtumwa. Baba akasema mtumwa ni asiyejua kusoma. Bibi akasema yeye hajui kusoma, je, mkwewe anamwita mtumwa? Baba akaomba radhi, mara tatu, akaondoka. Nami nilikuwa katikati yao, upande wa ndani wa ukuta, nimepakata mwanahiti. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ni kweli, lakini nyasi hazina masikio. Mimi nilisikia kila neno, na katika maneno yote yale hakuna hata moja lililoniuliza: mwenzetu, unataka nini?

Nilitaka mtihani. Nalisema wazi, maana wapo wanaopenda kunisikia nikisema nililazimishwa. Nilitaka mtihani, na nilitaka ngoma pia. Nilitaka kubebwa begani nipakwe mafuta watu wanione, kama mama. Lakini mtihani ulikuwa na siku yake, na ngoma niliamini itaningoja.

Ijumaa alfajiri, bibi alipokwenda kuchota maji, nilichukua wembe wa baba. Sikujua kunyoa. Nilijikata nyuma ya sikio na sehemu mbili za utosi, nikaacha vishungi hapa na pale kama shamba lililolimwa na mvivu. Bibi aliporudi alinikuta nimekaa kizingitini, khanga mabegani ina damu, nywele zimetapakaa. Akautua mtungi. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeona nafuu.

Alichuchumaa akaanza kuokota. Aliokota misuko, akaokota vipande, akaokota unywele mmoja mmoja kutoka kwenye vumbi, akalowesha kidole kwa mate kwa zile zilizokataa kushikika. Nywele za mwali hazikanyagwi. Nilisema, "Bibi, nisaidie kumaliza nyuma, hawatanikubali hivi." Akachukua wembe, akanimalizia nyuma vizuri kabisa, taratibu, akipuliza pale nilipojikata. Hizo nazo akaziokota. Akazifunga zote kwenye kipande cha kaniki.

"Nenda," akasema. "Utachelewa kengele."

Penseli ikalala kichwani mwangu kati ya majeraha mabichi, ikaonekana yote. "Vizuri," alisema mwalimu mkuu, bila kunitazama. Jina langu likasomwa. Nikasimama wima, nikasema "Nipo, mwalimu!" kwa sauti iliyonishangaza.

Nilifanya mtihani. Mkaguzi aliyekuja alikuwa mzungu mnene aliyeshindwa na joto. Alikaa mlangoni akijipepea kwa kofia, akatazama saa, akakusanya karatasi, akaondoka. Hakutazama kichwa cha mtu hata mmoja. Nilifaulu. Baba alisomewa barua ya matokeo na watu watatu tofauti ili asikie mara tatu, kisha akanipa mimi nimsomee ya nne.

Shule ya bweni ilikuwa mbali, safari ya lori na treni, na huko nako walinyoa, kila Jumamosi, matroni akiwa na mkasi. Nilimwambia bibi siku ya kuagana kwamba nitazifuga likizo ndefu, atanitoa nikirudi. Alinijibu, "Inshallah." Nilipoondoka naye akafunga mkeka wake, akarudi Dutumi. Kazi yake Kisarawe ilikuwa imekwisha.

Likizo ya kwanza baba alinipakia kwenye lori mpaka Mlandizi, nikaenda kwa miguu Dutumi kumwamkia. Niliingia uani kwao nikiwa na gauni la shule na kichwa cha shule, nimejitayarisha kuonewa aibu: msichana mkubwa asiyechezwa hukaa na watoto, hula na watoto, wanawake wakianza mazungumzo yao anafukuzwa. Nikaelekea kwenye mkeka wa watoto. Mama mdogo, mdogo wake mama, akaniita: "Wewe, unakwenda wapi huko? Njoo ukae na wenzio." Wanawake wakanisogezea nafasi. Nikapewa mkono katika sinia lao. Wakazungumza mambo ambayo hayazungumzwi mbele ya msichana, na hakuna aliyenitazama.

Nikamnong'oneza mama mdogo kwamba mimi bado.

"Bado nini?" akasema. "Wewe umeshachezwa. Mwezi ule uliokwenda shule."

Nilimtafuta bibi. Alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mpunga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Wamekulisha?"

"Bibi, nimechezwa?"

"Umechezwa," akasema, akaendelea kupepeta.

"Bila mimi?"

Akauweka ungo chini. "Wale walitaka kichwa kisicho na nywele, ukawapa. Mimi ukaniachia nywele zisizo na kichwa. Ulitaka nizifanye nini, nizitupe?"

"Ungengoja ziote!"

Aliunyosha mkono wake uliojaa pumba, akaupitisha juu ya utosi wangu uliokwaruza. "Ziote lini?" akaniuliza. Jumamosi iliyotangulia tu matroni alikuwa amenipitia.

Mama mdogo alinisimulia yaliyobaki. Wazee wa kike walibishana siku mbili, wengine wakisema jambo hilo halijapata kutokea, na bibi akawaambia hata kunyolewa mwali kwa amri ya penseli hakujapata kutokea. Wakazifunga nywele zangu kichwani mwa mwanahiti, wakazipaka mafuta, mama mdogo akambeba begani wakamzungusha nyumba kwa nyumba. Wali ulipikwa, mbuzi akachinjwa, watu wakala mpaka wakasaza. Nilimsikiliza huku nimekunja ngumi. Nilikuwa na hasira na bibi, na mwalimu mkuu, na baba, na matroni, na mimi mwenyewe, na kila niliyemshika moyoni nikitaka kumlaumu aliponyoka, maana kila mmoja alikuwa na sababu yake. Ngoma yangu ilichezwa ikaisha, na siku ile mimi nilikuwa darasani mahali fulani, najifunza kushona vifungo.

Nikamuuliza mama mdogo swali moja. Kwetu mwali akitolewa hufikishwa uwanjani, kungwi akamwita jina lake mara tatu mbele ya watu, naye akaitika. Nilitaka kujua walifanyaje hapo, kwa kuwa kisanamu cha mti hakiitiki.

Mama mdogo akatazama nyuma ya nyumba, kule ungo ulikokuwa umeanza kulia tena, akapunguza sauti. Jina lako liliitwa mara tatu, akasema. Na mara zote tatu bibi yako, mtu mzima na mvi zake, aliinamisha macho chini akaitika: "Abee."